Leseni ya tovuti moja, vikoa vidogo vitatu: muuzaji anahesabu nini?

Msomaji wetu wa Sinza, anayetengeneza tovuti za wafanyabiashara, ameandika hivi:

"Shikamoo. Nina mteja anauza vitenge Kariakoo, duka lake liko Mtaa wa Kongo. Nimemtengenezea duka la mtandaoni kwa WordPress, ule mfumo wa kujengea tovuti, kwenye kikoa (jina la tovuti) cha .co.tz, nikamnunulia na plagini ya kulipia, yaani programu ya nyongeza, ya kusimamia bei za jumla na rejareja. Leseni yake ni ya 'tovuti moja'. Sasa mama anataka kikoa kidogo cha 'jumla' kwa wateja wa mikoani, na cha 'mwanza' kwa tawi analosimamia mdogo wake. Mimi mwenyewe nina nakala ya majaribio kwenye kikoa kidogo kingine, na mama amesajili pia .com ya jina lile lile. Jamaa mmoja ananiambia vikoa vidogo vyote ni tovuti moja, leseni moja inatosha. Mwingine anasema kila kimoja nilipie. Yupi yuko sahihi? Na je, ufunguo huo huo wa leseni naweza kuutumia kwa mteja wangu mwingine wa Mwenge? Si ni programu huria?"

Marahaba, mdogo wangu. Hao jamaa zako wote wawili wanaweza kuwa sahihi, kila mmoja kwa plagini anayoijua yeye. Mfumo wa majina ya intaneti, ambao kanuni zake za msingi ziliandikwa mwaka 1987, hauna habari na leseni. Kwake, mwanza.mfano.co.tz ni jina lililo chini ya mfano.co.tz, basi (nitatumia mfano.co.tz badala ya jina la mteja wako). Anayeamua kama majina hayo mawili ni tovuti moja au mbili ni muuzaji wa programu, kwa maneno aliyoyaweka kwenye masharti yake. Kwa hiyo kabla hujatoa hela, swali ni moja: leseni hii inahesabu nini?

Najua mama anakusubiri, kwa hiyo nianze na majibu mafupi. Kwa plagini nyingi za kulipia za WordPress, "tovuti moja" ni WordPress moja iliyosimikwa na kufunguliwa kwa umma. Ukijenga jumla na mwanza kama WordPress zinazojitegemea, kila moja na hifadhidata yake, tayari una tovuti tatu na leseni yako haitoshi. Ile .com ukiielekeza kwenye .co.tz haihesabiwi. Nakala ya majaribio kwa kawaida wanaisamehe, ila kuna mtego nitakaokuonyesha. Mteja wa Mwenge anunuliwe ufunguo wake.

Sasa tuingie ndani, maana ukielewa kinachotokea nyuma ya pazia hutahitaji kumuuliza mtu tena.

Unapobandika ufunguo na kubofya kitufe cha kuwasha leseni, plagini inatuma ujumbe kwa seva ya muuzaji. Ndani yake mna ufunguo, jina la bidhaa na anuani ya tovuti kama ilivyoandikwa kwenye mipangilio ya WordPress. Seva ikiipokea ile anuani inaisafisha: inaondoa https mwanzoni, inaondoa www, inaondoa mkwaju wa mwisho, inageuza herufi kubwa kuwa ndogo. Kinachobaki, yaani mfano.co.tz, kinaandikwa kwenye kumbukumbu zao kama nafasi moja iliyochukuliwa. Kesho ukiwasha ufunguo ule ule ukiwa jumla.mfano.co.tz, seva inaona maandishi ambayo hayafanani na yale ya jana. Inatafuta nafasi ya pili, haipo, na wewe unaletewa ujumbe mwekundu kwamba ufunguo umefikia kikomo. Hakuna binadamu aliyekaa akaamua kwamba jumla ni tovuti nyingine. Ni ulinganisho wa maandishi tu.

Ndiyo maana www haikusumbui. Kiufundi www ni kikoa kidogo kama jumla au mwanza, ila kwa kuwa kila mtu anajua inaelekea pale pale, wauzaji wengi wamezoea kuifuta kabla ya kulinganisha. Wapo wachache wasiosafisha vizuri, na kwao ukihama tu kutoka http kwenda https unaambiwa umeongeza tovuti. Likikukuta, usinunue leseni nyingine. Ingia kwenye akaunti yako kwa muuzaji, futa ile anuani ya zamani, uwashe upya.

Kuna wauzaji wa namna ya pili, wanaohesabu kikoa kikuu na kuvihesabia ndani yake vikoa vidogo vyote. Huyo jamaa yako wa kwanza bila shaka alikutana na hao. Kwao leseni moja ya mfano.co.tz inatosha jumla, mwanza na chochote utakachoongeza. Lakini hapa sisi wa .tz tuna tatizo letu ambalo mtu wa .com halijui kabisa, na nataka ulielewe vizuri kwa sababu litakukuta.

Programu ya muuzaji itajuaje kwamba kikoa kikuu cha jumla.mfano.co.tz ni mfano.co.tz? Mwandishi mvivu wa programu anachukua vipande viwili vya mwisho vya jina. Kwa jumla.mfano.com anapata mfano.com, na ni sahihi. Kwa jumla.mfano.co.tz anapata co.tz. Ina maana kwa hesabu yake kila kampuni ya Tanzania yenye .co.tz, kuanzia duka la Kongo hadi kiwanda cha Mbagala, iko kwenye kikoa kimoja. Wenye .or.tz, .ac.tz na .go.tz wana shida hiyo hiyo. Njia sahihi ni kutumia orodha maarufu iitwayo Public Suffix List, iliyoanzishwa na Mozilla, inayotaja miisho yote ambayo watu husajili majina chini yake, na miisho yetu imo. Vivinjari vyenyewe huitegemea, ndiyo maana tovuti moja ya .co.tz haiwezi kuweka kuki (vile vijikumbukumbu ambavyo tovuti huviacha kwenye kivinjari) zitakazosomwa na tovuti zote za .co.tz. Muuzaji anayeitumia orodha hiyo ataliona jina lako vizuri. Asiyeitumia, ukifungua ukurasa wa akaunti yako unapoorodheshwa tovuti ulizowasha, utakuta imeandikwa co.tz peke yake bila jina la mteja. Ukiona hivyo mwandikie mara moja na umpigie picha ya skrini, kwa sababu kosa liko upande wake na kulirekebisha ni kazi ndogo. Ukinyamaza, siku utakapowasha leseni ya mteja wa pili wa .co.tz mambo yatachanganyika na itaonekana ni wewe unayeiba.

Na usidhani jina la kikoa ndicho kipimo pekee duniani. Violezo na programu zinazouzwa kwenye masoko ya Envato, kama ThemeForest na CodeCanyon, leseni yake ya kawaida inahesabu "bidhaa moja ya mwisho" kwa ajili yako au mteja mmoja. Haijali ina majina mangapi, inajali ni kazi ngapi. Ikiwa watumiaji wanatozwa ili kuitumia hiyo bidhaa, unatakiwa uchukue leseni ya juu zaidi. Kuuza vitenge si kumtoza mtu kiingilio cha tovuti, kwa hiyo mama yuko salama na ile ya kawaida. WHMCS, ambayo wauzaji wa hostingi (wanaokodisha nafasi ya kuweka tovuti kwenye seva) wanaitumia kutoza wateja wao, inafunga leseni kwa kikoa, kwa anuani ya IP na kwa folda ilimosimikwa. Ukihamia seva nyingine, hata kama jina linabaki lile lile, leseni inakataa mpaka uombe itolewe upya. Nao cPanel, wenye paneli ya kusimamia hostingi, mwaka 2019 waliacha kutoza kwa seva wakaanza kutoza kwa idadi ya akaunti zilizomo ndani, na wenye hostingi wengi walilalamika. Kwako hilo lina faida moja: kikoa kidogo ndani ya akaunti ile ile ya cPanel si akaunti mpya, kwa hiyo mwenye hostingi akikutoza "ada ya leseni" kwa sababu umeongeza jumla, mwombe akueleze anatoza nini hasa.

Hata ndani ya kampuni moja vipimo vinatofautiana. Ukisajili mfano.co.tz kwenye reCAPTCHA ya Google, kile kipimo cha kuhakikisha mgeni si roboti, vikoa vidogo vyake vinakubaliwa bila kuongeza chochote. Lakini ufunguo wa Google Maps ukiuwekea kizuizi cha mfano.co.tz peke yake, ramani kwenye mwanza.mfano.co.tz itagoma mpaka uongeze mstari wenye nyota mbele, yaani *.mfano.co.tz/*. Huduma hizo mbili zimo kwenye ukurasa mmoja wa mama, zinatoka nyumba moja, na kila moja ina kanuni yake. Ndiyo maana nasema usikisie.

Wengi huchanganya pia na cheti cha usalama, kile kinacholeta kufuli kwenye kivinjari. Cheti chenye nyota kinabeba vikoa vidogo vya ngazi moja: *.mfano.co.tz inafaa kwa jumla na kwa mwanza, haifai kwa bei.jumla.mfano.co.tz, na jina tupu la mfano.co.tz linatakiwa litajwe lenyewe ndani ya cheti. Let's Encrypt wanavitoa bure vya aina hiyo tangu 2018. Kuwa na cheti cha nyota hakukupi haki yoyote juu ya plagini, hata kama maneno yanafanana.

Turudi kwa mama. Kabla ya kununua leseni zaidi, niulize: kweli anahitaji tovuti tatu?

Umesema mwenyewe plagini uliyonunua inasimamia bei za jumla na rejareja. Plagini za namna hiyo kazi yake ndiyo hii: mteja wa jumla anafunguliwa akaunti, anawekwa kwenye kundi la wateja wa jumla, na akiingia anaona bei zake, kiwango chake cha chini cha kuagiza, labda kuanzia pisi kumi na mbili. Asiyeingia anaona bei ya rejareja. Duka ni moja, stoo moja, kitenge kikiisha kimeisha kwa wote. Ukijenga duka la pili la jumla kwenye hifadhidata yake, utakuwa na stoo mbili zisizozungumza, na siku moja mteja wa Tabora atalipia bando ambalo mteja wa Ilala alishalichukua asubuhi. Hilo litamgharimu mama kuliko leseni yoyote. Kama anaupenda ule muonekano wa jumla.mfano.co.tz kwenye bango na kwenye kadi zake, mpe. Uelekeze moja kwa moja, kwa ile namba 301 ya kuelekeza kwa kudumu, uende mfano.co.tz/jumla. Jina linabaki kwenye bango, WordPress inabaki moja, leseni inabaki moja.

Na ile .com ifanye hivyo hivyo. Usiiache ionyeshe duka lile lile bila kuelekeza. Plagini zinazosoma anuani kutoka mipangilio ya WordPress hazitajali, lakini zipo programu zinazosoma jina ambalo mgeni ameliandika kwenye kivinjari, na hizo zitafanya kazi kwa anayeingia kupitia .co.tz na kugoma kwa anayeingia kupitia .com. Ni ugonjwa mbaya kuutafuta, kwa sababu wewe kwenye kompyuta yako unaona kila kitu kiko sawa.

Mwanza ni habari nyingine, na hapa unapaswa kumhoji mteja wako kwa utaratibu. Je, mdogo wake anauza mzigo wa dada yake na hela inaingia sehemu moja? Basi Mwanza ni mahali pa kuchukulia mzigo tu, na duka la mtandaoni linalojua kupanga maeneo ya usafirishaji linalimaliza bila tovuti ya pili. Au ana mzigo wake, namba yake ya kupokelea malipo, na hesabu zake za kodi? Basi hiyo ni biashara nyingine inayotumia jina la familia. Ijengee tovuti yake na inunuliwe leseni yake, hata kama masharti ya muuzaji yangeruhusu kikoa kidogo. Fikiria fremu ya Kariakoo: ukiipanga moja halafu ukaikata kwa mbao ukamweka mfanyabiashara mwingine upande wa pili, mlango kuwa mmoja hakubadilishi kwamba wapangaji sasa ni wawili, na mkataba wako na mwenye nyumba ndio utakaosema kama ulikuwa na ruhusa. Masharti mengi ya leseni yana kifungu cha namna hiyo: tovuti za mwenye leseni. Siku dada na mdogo wakigawana biashara, leseni itabaki kwa mmoja, na mwingine atakuwa na duka lisilopokea masasisho.

Kuna njia ya katikati, ile ya WordPress ya mtandao wa tovuti nyingi, iliyomo ndani ya WordPress tangu toleo la 3.0 la mwaka 2010. Unasimika mara moja, unazalisha tovuti ndogo kwenye vikoa vidogo. Ni nzuri kwa chuo chenye idara nyingi. Kwa leseni ni kizungumkuti: muuzaji mmoja anauhesabu mtandao mzima kuwa tovuti moja, mwingine anahesabu kila tovuti ndogo. Kwa duka la vitenge sikushauri.

Sasa nakala yako ya majaribio. Wauzaji wengi hawahesabu kompyuta yako binafsi wala tovuti ya majaribio isiyoonekana na umma. Swali ni: seva yao inajuaje kwamba ni ya majaribio? Inaangalia jina. Inasamehe localhost (yaani kompyuta yako mwenyewe), inasamehe majina yanayoishia na .test (mwisho huo ulitengwa rasmi mwaka 1999 kwa ajili ya majaribio, hauwezi kusajiliwa na mtu), na inasamehe majina yanayoanza na dev au staging. Sasa tuseme wewe umeita yako majaribio.mfano.co.tz, jina zuri kabisa la Kiswahili, na seva iliyoandikwa kwa Kiingereza haiijui. Inaihesabu. Yawezekana nafasi yako pekee imeshachukuliwa na nakala ya majaribio na duka halisi ndilo halipati masasisho. Nenda kaangalie leo. Kama ndivyo, zima leseni kwenye majaribio, iite staging, au bora zaidi iweke kwenye kompyuta yako mpakato kwa jina linaloishia na .test.

Na kuna jambo la kuchunga unapoinakili hifadhidata ya duka halisi kwenda kwenye majaribio: ufunguo unasafiri pamoja nayo. Zima leseni kwenye nakala kabla hujafanya kingine. Zima na barua pepe pia, maana nakala ile ina namba na anuani za wateja wa kweli, na ukijaribu kubadilisha hali ya oda moja, mtu wa Songea anapata ujumbe kwamba mzigo wake umetumwa.

Nilitaka nikawie zaidi kwenye swali lako la mwisho, kwa sababu "si ni programu huria?" ni hoja yenye ukweli ndani yake na wanaoitumia vibaya ni wengi hapa mjini.

WordPress, tangu ilipotoka mwaka 2003, inatumia leseni ya umma ya GNU, toleo la 2 au la baadaye. Toleo hilo la 2 ni la Juni 1991 na linasema wazi kwamba tendo la kuendesha programu halizuiwi. Waendeshaji wa mradi wa WordPress wanashikilia kwamba msimbo wa PHP (lugha ambayo WordPress imeandikwa kwayo) wa plagini nao unarithi leseni hiyo, na wauzaji wengi wa plagini wanakubali na kuandika hivyo kwenye faili zao. Kwa plagini ya namna hiyo, msimbo ukishaupata kihalali unaruhusiwa kuusimika kwenye tovuti kumi, kuubadilisha, hata kumpa mwenzako. Hapo wanaosema "ni programu huria" wana haki.

Lakini angalia ulichokilipia. Ulilipia ufunguo, na ufunguo ni mkataba wa huduma: masasisho yanayokuja yenyewe, na mtu wa kukujibu ukikwama. Huduma hiyo ndiyo inayohesabiwa kwa tovuti, na leseni ya umma haimlazimishi muuzaji kukupa bure. Ukimwekea mteja wa Mwenge plagini isiyo na ufunguo, umempa kitu kilichoganda siku ile. Miezi michache baadaye tundu la usalama linatangazwa, waliolipia wanapata sasisho, yeye hapati, na wanaotafuta tovuti zenye tundu hilo wanatumia mashine zinazopita intaneti nzima bila kuchagua. Yeye hajui. Alikulipa ukamwambia kazi imekwisha.

Tena si kila plagini ni ya leseni hiyo kwa ukamilifu. Wapo wanaogawa: PHP iko huru, lakini picha, mitindo na maandishi ya JavaScript yana leseni ya kibiashara. Programu iliyofungwa kwa ionCube, chombo cha kuficha msimbo, ukiifungua faili yake unaona herufi zisizosomeka, mara nyingi si huria na imefungwa kwa kikoa makusudi. Na fonti za kulipia zina hesabu yake kabisa, mara nyingine kwa idadi ya kurasa zinazofunguliwa kwa mwezi.

Zile plagini zilizovunjwa leseni zinazogawiwa bure kwenye makundi ya Telegram usiziguse. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inazilinda programu za kompyuta kama kazi za maandishi, na COSOTA ndiyo taasisi inayoisimamia upande wa Bara. Zanzibar wana sheria yao na COSOZA. Ipo pia Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015. Lakini hata ukiweka sheria hizo pembeni, aliyevunja kufuli la plagini hakutumia usiku wake kwa hisani. Mara nyingi ameacha mlango wake ndani. Duka la mama lina majina, namba za simu na anuani za watu, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inamtaka anayekusanya taarifa hizo azilinde. Zikivuja, atakayeulizwa ni mama wa Mtaa wa Kongo, ambaye hata hajui plagini ni nini. Hilo ndilo linalonifanya nisiwe na huruma na mafundi wanaofanya hivyo.

Jambo la mwisho hukuniuliza, lakini naliona kwenye swali lako: "nikamnunulia". Leseni hiyo iko kwa barua pepe ya nani? Kama ni yako, tafuta namna ya kuihamisha, wauzaji wengi hukubali ukiwaandikia. Wapo mafundi wanaonunua leseni ya tovuti nyingi na kuwawekea wateja wote, na masharti mengine yanaruhusu kabisa mradi fundi ndiye anayezitunza hizo tovuti. Shida inakuja mnapoachana. Mteja anabaki na duka lenye ufunguo wa mtu asiyepokea simu tena. Kwenye ankara yako andika mstari unaojitegemea: jina la plagini, leseni ni ya tovuti ngapi, inaisha lini, na kuihuisha ni dola ngapi kwa mwaka. Andika kwa dola, kwa sababu ndizo anazotoza muuzaji, na shilingi utakayomtajia leo si lazima iwe ile ya mwakani. Na neno "maisha" kwenye leseni lisome mara mbili; kwa wengine ni maisha ya bidhaa, si ya mteja.

Sasa mwandikie muuzaji wako, kwa Kiingereza chepesi, ujumbe wenye maswali haya: Nina leseni ya tovuti moja kwenye mfano.co.tz. Je, WordPress ya pili kwenye mwanza.mfano.co.tz, ya mmiliki yule yule, inahesabiwa kuwa tovuti ya pili? Je, mnatambua kwamba .co.tz ni mwisho wa usajili na si jina la kampuni? Je, nakala ya majaribio inatakiwa iwe na jina gani ili isihesabiwe? Na je, leseni naweza kuihamishia kwenye akaunti ya mteja? Omba jibu la maandishi. Likija, lihifadhi pamoja na risiti kwenye barua pepe ya mama, na nakala ubaki nayo wewe, maana masharti ya mtandaoni hubadilishwa na utahitaji kuonyesha yalivyokuwa siku uliyonunua.